Ugonjwa Ambao Sikuugua

Sorrel Ford,
Wilaya ya Tanner, Kansas.
19 Septemba 1871.

Mpendwa Dada Mehitabel,

Pokea salamu zangu nyingi za mapenzi, wewe na wote mlalao chini ya paa moja. Natumaini kile kikohozi chako kimekuachia kabla majani ya Vermont hayajaanza kudondoka, maana nakijua, kikikuta baridi kinakuwa mpangaji. Na Shemeji Ezra, magoti yanasemaje? Mwambie hapa kuna mzee anajipaka mafuta ya nyoka kila asubuhi na bado anachechemea, kwa hiyo asipoteze muda wake.

Mimi mwili wangu ni mzima kabisa. Nimekuwa mzima mwaka huu wote, hata mwezi wa Februari. Nalitamka hilo mapema kwa sababu karibu yote nitakayokueleza yanatokana nalo.

Barua yako ya mwisho wa Agosti niliipata Jumatano iliyopita. Unaniuliza kwa nini Enos hajakuandikia tangu Julai, na unanikaripia, kwa haki, kwamba mjomba mtu anaishi maili tisa kutoka kwa mpwa wake na hawezi kumhimiza amtumie mama yake mistari miwili. Enos yu hai, Dada. Mkewe Orpha mzima, watoto wazima, mdogo kaota meno ya mbele na anauma kila mtu. Ukimya wa mwanao si wa maradhi wala wa usahaulifu. Mimi ndiye niliyeusababisha, naye kaniachia mimi nikueleze.

Nimeanza barua hii mara nne. Wakili anajua kuandika mambo ya watu wengine, yake mwenyewe kalamu inagoma.

Kwanza lazima nirekebishe mambo niliyokuandikia huko nyuma. Nilikuambia kwamba nilipofika hapa mwaka 1866 nilifungua ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa kona moja ya duka la Bwana Lathrop, mshona matandiko ya farasi, na meza yangu ilikuwa ubao uliolazwa juu ya pipa la misumari. Nilikuambia nina maktaba ya sheria. Nilikuwa na vitabu vitatu, na kimoja kilikuwa cha sheria za jimbo jingine kabisa. Ile kesi yangu ya kwanza, niliyokusimulia kwamba mahakama ilijaa watu, ilisikilizwa ndani ya ghala la nyasi, na waliojaa ni kuku. Mteja wangu alishinda, akanilipa nguruwe, naye nguruwe akatoroka kabla hatujavuka mto.

Sikuyasema kwa ubaya. Tangu mama alipofariki wewe ndiwe uliyenilea, ukasuka kofia za majani mpaka vidole vikapasuka ili mimi nikasome sheria. Nilitaka uone kwamba jasho lako halikumwagika bure, nikawa natia chumvi. Mtu akizoea kutia chumvi, siku moja anatia mahali ambapo watu wanakula kweli.

Mahali pa kwanza palikuwa kwa Enos. Ni mimi niliyemwandikia aje huku. Nilimwambia serikali inatoa ekari mia na sitini kwa mtu atakayekaa juu yake miaka mitano na kuilima, na hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba huku unaweza kusafiri nusu siku usione mti wa kutosha kutengeneza mpini. Sikumwambia pia habari ya uzio.

Huku, Dada, ng'ombe hachungwi. Anakwenda atakako, na sheria ya jimbo iko upande wake. Mkulima ndiye anayetakiwa kulizungushia shamba lake uzio wa mbao, wa urefu ule ule uliowekwa kwenye sheria na watu waliotoka kwenye misitu. Asipokuwa nao, ng'ombe akiyala mahindi yake yote hadai kitu. Akimdhuru yule ng'ombe, anafungwa yeye. Na mbao zinatoka mbali kwa treni, hata uzio wa shamba dogo unazidi bei ya nyumba, maksai na jembe kwa pamoja. Enos alivuna nusu mwaka wa kwanza na robo mwaka wa pili, iliyobaki iliishia kwenye matumbo ya ng'ombe wa Kanali Stroud, ambaye ana mifugo zaidi kuliko wilaya nzima ilivyo na watu.

Kwa hiyo mwaka jana wakulima walipotafuta mtu wa kumpeleka kwenye Bunge la jimbo, nilisimama mimi. Sikuwa na ahadi kumi, nilikuwa na moja: mwenye ng'ombe achunge ng'ombe wake. Nilizunguka kila nyumba ya udongo katika wilaya hii nikiirudia. Enos aliacha kazi zake wiki mbili akawa anatangulia mbele yangu, akiwaambia watu kwamba mjomba wake hajawahi kusema neno asilolitenda. Nilishinda kwa kura thelathini na moja, na wewe nilikuandikia mia tatu.

Mji mkuu ulinilevya, sina neno jingine. Kule mtu anakuita Mheshimiwa kabla hujavua kofia. Kanali Stroud naye hakuwa mbunge, lakini alikuwa amepanga vyumba hotelini kwa kipindi chote cha kikao, na kila Alhamisi aliwaalika wabunge kula chaza wa makopo. Nilikwenda mara ya kwanza ili nimjue adui yangu. Mara ya pili nilikwenda kwa sababu ya chaza. Mara ya tatu akaniketisha karibu naye, akanieleza kwamba jaji anayezungukia wilaya zetu amechoka na atajiuzulu, na kwamba jina langu limetajwa na watu ambao wakitaja jina hawalitaji bure.

Dada, nilijiona nimekaa kwenye kile kiti. Niliona jinsi nitakavyokuandikia. Hata maneno ya barua niliyapanga, na kwa mara ya kwanza nisingekuwa na haja ya kutia chumvi.

Hakuniomba nipige kura dhidi ya muswada wetu wa kuchunga ng'ombe. Angeniomba hivyo ningenyanyuka mezani, nataka kuamini hivyo. Alisema tu kwamba Februari ni mwezi mbaya kwa vifua katika mji ule, na kwamba mgonjwa hakuna anayemlaumu. Kisha akazungumza habari za farasi.

Hesabu kila mtu aliijua. Sisi tuliotaka ng'ombe wachungwe tulikuwa arobaini na wawili, wao arobaini na mmoja. Nikikosekana mimi inakuwa sare, na muswada uliopata sare umekufa.

Siku ya kura niliamka alfajiri, nikanyoa, nikavaa kila kitu mpaka buti, nikakaa kitandani nikisubiri kengele ya Bunge. Nilikuwa nimeamua kwenda. Naapa nilikuwa nimeamua. Kengele ilipolia, badala ya kusimama nikainua miguu yangu na buti zake nikaiingiza chini ya blanketi, nikamwita mama mwenye nyumba nikamwambia kifua kinanibana. Yule mama ana huruma ya kweli. Alinibandika kifuani bandiko la haradali lililoniunguza ngozi, nalo ndilo jambo la pekee katika ugonjwa ule ambalo halikuwa la uongo.

Wenzangu walipoona kiti changu kitupu waliomba mwito wa Bunge. Maana yake milango inafungwa, hakuna anayeingia wala kutoka, na askari wa Bunge anatumwa kuwaleta waliokosekana. Anawatoa popote, kwenye baa, kwa kinyozi, kanisani. Wagonjwa wanabebwa. Ni desturi ya huku na watu wanajivunia. Kuna mzee mmoja aliwahi kuingizwa na godoro lake, akapiga kura akiwa amelala, akafa siku ya tatu, na picha yake imetundikwa ukumbini.

Askari huyo ni mzee Fenn, aliacha mkono mmoja vitani. Alikuja na vijana wanne na mlango uliong'olewa bawabani wa kunibebea. Nilimwambia kwamba siwezi kuguswa, nikakohoa. Aliwatoa wale vijana nje, akaja akakaa kwenye kiti, akanitazama. Kisha akaniinulia blanketi miguuni kwa ule mkono wake mmoja, taratibu, akaziona buti. Akalirudisha blanketi akalichomeka vizuri, kama mtu anavyomfunika mtoto.

"Mheshimiwa," aliniambia, "nitawaambia nimekukuta kitandani. Huo si uongo."

Alipofika mlangoni akaongeza, "Nimeshabeba walevi, nimeshabeba na mmoja aliyekuwa anakata roho. Wote walitaka kwenda."

Muswada ulikufa saa tano na nusu. Niliisikia kengele.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeonyesha maradhi asiyokuwa nayo, nadhani hawakutegemea kwamba atazaliwa.

Nilirudi nyumbani Machi nikitarajia mawe. Walinipokea kwa blanketi na supu. Mke wa mchungaji aliniombea mbele ya kanisa zima. Orpha alichinja kuku aliyekuwa anataga, wa mwisho waliyekuwa naye, akanipikia mchuzi, akanibebea maili tisa kwenye gari la maksai akiwa amelifunga sufuria kwa shali yake. Nilimla yule kuku, Dada. Nilimla mpaka mifupa, huku mpwa wangu akinishikia bakuli na kuniambia nisijisumbue kuongea.

Julai ng'ombe waliingia. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutia punje, yenye maziwa, wakati ambao ng'ombe anayanusa kutoka mbali. Enos na Orpha waliamka asubuhi wakakuta ekari kumi na mbili zimelala. Enos aliwafukuza ng'ombe kwa fimbo, wakarudi. Aliwafukuza kwa mbwa, fahali mmoja akamwua mbwa. Ndipo alipochukua bunduki. Aliangusha fahali wawili wa Kanali, kisha akaketi juu ya mmoja wao akamngoja sherifu.

Haya hukuandikiwa, na sasa unajua kwa nini Julai barua zilikatika. Walimfungia kwenye chumba nyuma ya nyumba ya sherifu. Upande wa mashtaka ulitaka kifungo cha mwaka mmoja. Na sheria ya ardhi inasema mtu akiwa nje ya shamba lake zaidi ya miezi sita, anahesabiwa amelitupa, na yeyote anaweza kulidai. Enos alikuwa amebakiza miezi saba tu kutimiza miaka mitano. Kwa hiyo kesi haikuwa ya fahali wawili. Akifungwa, Orpha na watoto wangebaki bila udongo wa kukanyaga, na sikuwa na shaka ni nani angelidai lile shamba.

Nilikwenda kumwona ili nimtetee. Alinipisha kwenye kibao, yeye akakaa chini. Nilijaribu kusema kitu juu ya Februari, sijui hata nilianza vipi. Akanikatiza.

"Mjomba, acha. Mtu haombi kuumwa."

Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu. Nilifungua mkoba nikamsomea sheria ya uzio.

Kesi ilisikilizwa tarehe tisa Agosti katika nyumba ya shule. Waamuzi walikuwa kumi na wawili, wakulima tisa na wengine watatu ambao kwa njia moja au nyingine wanakula kwa Kanali, na huku ili mtu aachiwe lazima wote kumi na wawili wakubaliane. Jaji, yule yule niliyeambiwa amechoka, aliwaeleza kwa haki kabisa kwamba uzio haukuwepo, fahali wamekufa, na sheria ndiyo hiyo. Niliona vichwa vinaanza kuinama. Enos alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, Orpha nyuma yake na mtoto. Nilikuwa na hotuba ya kurasa sita.

Niliiweka mezani. Nikawaambia kwamba sheria waliyonichagua niilete mwaka jana ingekuwepo, mshtakiwa leo angekuwa Kanali. Nikawaambia kwa nini haipo. Niliyasema yote, Dada: chaza, kiti cha ujaji, bandiko, mzee Fenn na blanketi. Sikulia, ila sauti haikuwa yangu. Nilisema kwamba kama wanatafuta mtu aliyewaua wale fahali, basi amesimama mbele yao amevaa koti jeusi.

Nilipofika kwenye buti, mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha mwingine. Kisha nyumba nzima ikavunjika, mpaka jaji akawa anajifuta macho huku anagonga meza. Sikuelewa. Nilidhani wananicheka kwa dharau, nikasema moyoni, sawa, nastahili.

Waamuzi walitoka na kurudi kabla jaji hajamaliza kiko chake. Hana hatia. Wale watatu wa Kanali pia. Watu wakanibeba juu juu mpaka nje, na msaga unga wa kijijini, mtu mwenye sauti kubwa, akapaza kwamba amewasikia mawakili wengi wakiwasemea uongo wateja wao, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuona wakili anajisemea uongo mwenyewe ili kumwokoa mpwa wake.

Hapo nikaelewa. Walidhani ni ujanja. Unajua, Dada, huku watu wanakuja mahakamani kama kwenu mnavyokwenda kwenye maonyesho ya mavuno. Wanakuja kusikia wakili atazua nini. Na wanajua jambo moja la sheria vizuri kuliko yote: shahidi anaapa, wakili haapi. Nilikuwa nimesema ukweli wa maisha yangu mahali ambapo hakuna anayetegemea kuusikia, na waliuchukua kama hadithi nzuri, wakanilipa kwa kumwachia Enos.

Ningeweza kusema, ndugu zangu, ni kweli. Nilikuwa juu ya mabega yao. Nilitabasamu. Ile ya Februari niliifanya peke yangu kitandani, lakini hii niliifanya mchana mbele ya watu mia, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Enos hakucheka. Alisubiri watu wapungue, akaja karibu.

"Zile buti, Mjomba. Ni kweli?"

Nilimwambia tutaongea. Alitikisa kichwa mara moja, akampandisha Orpha kwenye gari wakaondoka. Orpha hakugeuka kunipungia mkono.

Kanali Stroud alikuwepo mahakamani. Yeye pia hakucheka, maana ndiye mtu mwingine pekee mle ndani aliyejua. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu, akanipongeza kwa hasara niliyomtia, akaniambia kwamba tangu siku ile wilaya tatu zinanitaka niwe mgombea wa Seneti ya jimbo, na kwamba yeye hatanipinga, tena atanisaidia. Alinishika bega wakati anaondoka. Nikauona mkono wake, nikajua nimenunuliwa mara ya pili kwa bei ile ile, ahadi ya kiti.

Mkutano wa kumteua mgombea ni Jumamosi hii, tarehe ishirini na tatu. Mpaka barua yako ilipofika nilikuwa nimeshaandika hotuba ya kukubali. Nilikuwa na sababu nzuri, mimi sikosi sababu. Nilijiambia kwamba nikiwa Seneti nitaupitisha muswada wetu.

Kisha nikasoma unavyouliza habari za mwanao, nikapanda farasi nikaenda. Nilimkuta anakata mahindi yaliyosalia. Hakuacha kukata. Nilimsomea barua yako huku nikimfuata nyuma mstari hadi mstari na miiba ikininasa suruali. Alipofika mwisho wa shamba akasimama.

"Katika kila barua mama ananiuliza juu yako," alisema. "Nikimwandikia kwamba unaheshimiwa, nadanganya. Nikimwandikia ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya ndugu yake. Kwa hiyo siandiki."

Nilimkumbusha kwamba nimesimama mahakamani nikayasema yote. Alinitazama bila hasira, ningetamani hasira.

"Uliyasema bila kuapa, Mjomba. Ndiyo maana walicheka, na wewe ukawaacha wacheke. Mimi umenitoa, asante. Bado wewe umo ndani."

Akainama akaendelea kukata. Orpha alikuwa mlangoni. Hakunikaribisha, lakini aliniletea maji ya kunywa, na alisubiri nimalize ili arudi na kikombe.

Dada, nina miaka arobaini na mitatu na sijawahi kupewa maji namna ile.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bwana Lathrop. Siku hizi ndiye hakimu wa mji, anaapisha watu katikati ya matandiko na gundi. Huyu ndiye aliyenipa pipa lake la misumari nilipokuwa sina hata meza, na Februari aliliweka jina langu katika sala za familia yake, watoto wake wamenieleza. Nilimpa karatasi mbili nikamwambia nataka kula kiapo. Alisoma mstari wa kwanza akaanza kucheka. Akaniambia, "Tuttle, kesi imekwisha. Hii unataka kuiuza kwa magazeti?"

Niliinua mkono wangu wa kulia. Aliendelea kutabasamu kidogo, akingoja niushushe. Sikuushusha. Akazisoma tena karatasi, safari hii mpaka mwisho, kidole chini ya kila neno, maana kusoma kwake ni kwa taabu. Alipomaliza alivua miwani akaiweka juu ya tandiko. Akaniuliza maswali yanayotakiwa na sheria, kama angemwuliza mgeni yeyote: jina langu nani, ninaishi wapi, je, yaliyoandikwa humu ni kweli, Mungu anisaidie. Nikajibu. Akatia saini na muhuri. Kisha akaukunja mkono wa shati, akachukua sindano, akarudi kwenye kazi yake bila kuniaga.

Nakala moja ya hati hiyo nimeikunja humu ndani. Nyingine nitaisoma mwenyewe Jumamosi mbele ya wilaya tatu, kabla jina langu halijatajwa, na pamoja nayo barua ya kujiuzulu ubunge. Jina la mzee Fenn limo, kwa sababu alisema kweli. Sijui baada ya hapo kama kutakuwa na mtu wa kunipa hata kesi ya nguruwe. Nimekutangulizia wewe kwa makusudi. Posta inaondoka leo saa nane, na ikishaondoka siwezi tena kuamka Jumamosi nikakuta kifua kinanibana.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Nakuomba jambo moja. Mwandikie Enos, na umwandikie leo hii kabla hujaweka chungu motoni. Tangu kesi iishe amekaa bila mama kwa ajili ya kuilinda heshima ya mjomba wake, heshima ambayo mwenyewe alijua haipo. Mwambie umeshajua na hana tena cha kuficha. Mimi niandikie utakapoweza.

Nisalimie Shemeji Ezra, na umwambie sitakasirika akikataa kunisalimia. Salamu kwa Shangazi Dorcas, kwa Hiram na mkewe, na kwa mtoto wao ambaye nasikia mmempa jina langu. Bado mdogo, Dada. Kama wazazi wake wangependa kulibadili, wasione haya kwa ajili yangu.

Mungu akulinde na baridi, akupe pumzi usiku na nguvu asubuhi, na vidole vyako visipasuke tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Mimi mdogo wako, niliyekula kiapo cha kweli jana kwa mara ya kwanza na ninayekupenda siku zote,

Alpheus Tuttle